Namna ya Kuwatambua na Kuwachagua Chipukizi wa Tenisi ya Meza

Mtoto wa miaka tisa anayewashinda wenzake wote wa rika lake huenda ana kipaji kikubwa, na huenda pia alianza kucheza miaka miwili kabla yao. Kwa mtazamaji aliyeketi kando hali hizo mbili hazitofautiani, kwa kuwa matokeo ya mechi ni yaleyale. Kazi ya kuzitenganisha ni ya kocha anayechagua. Mwongozo huu unawalenga makocha wa klabu na shule wanaoandaa mchujo wa watoto wa miaka 7 hadi 12, na msimamo wake ni kwamba kinachostahili kupimwa kwanza ni kasi ya mtoto ya kujifunza, kabla ya kiwango cha uchezaji alichokuja nacho siku ya mchujo.

Mchezo unamdai nini mchezaji

Meza ya mashindano ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, wavu una kimo cha sentimita 15.25, na mpira una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7 tu. Katika umbali huo mfupi, wachezaji wa ngazi ya juu wakiwa karibu na meza hurudishiana mpira kwa muda usiofika nusu sekunde, na pigo kali la kuuzungusha mpira huweza kuuzungusha zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mchezaji hawezi kusubiri mpira uvuke wavu ndipo aamue la kufanya. Huanza kusogea mapema kwa kutazama bega la mpinzani, pembe ya raketi yake na namna raketi hiyo inavyougusa mpira, kisha hulirekebisha pigo lake wakati mkono tayari uko njiani.

Kwa hiyo mtoto anayetafutwa ni yule anayeusoma mpira mapema, ambaye jicho na mkono wake vinaafikiana, ambaye miguu yake humfikisha mahali pa kupigia akiwa bado ametulia, na ambaye hubadilika haraka mambo yanapobadilika. Nguvu na kimo vina faida yake baadaye, lakini ni vigezo vibaya vya kumchujia mtoto. Deng Yaping wa China alikataliwa utotoni na timu ya mkoa wake kwa sababu ya ufupi, na hata alipokomaa kimo chake kilikuwa takriban mita 1.50, hata hivyo alitwaa medali nne za dhahabu za Olimpiki, mbili Barcelona mwaka 1992 na mbili Atlanta mwaka 1996. Waliomkataa walikuwa makocha wazoefu katika nchi iliyoutawala mchezo huu kuliko nchi nyingine yoyote, na jambo hilo linatosha kumtia tahadhari kila anayeshika kalamu ya mchujo.

Umri wa kuanza kutazama

Makocha wengi hupenda kusema kwamba samaki mkunje angali mbichi, na katika tenisi ya meza wana hoja, kwa sababu hisia ya mguso wa mpira na mpangilio wa miguu hujengeka kwa urahisi zaidi utotoni. Mifano ya kuwatia haraka ipo tele. Mima Ito wa Japani alipata medali ya shaba ya timu katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016 akiwa na miaka 15. Mwaka huohuo Tomokazu Harimoto, naye wa Japani, akawa bingwa wa dunia wa vijana akiwa na miaka 13. Na Hend Zaza wa Syria alishiriki Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 12. Hata hivyo, Harimoto ni mwana wa wazazi wawili waliokuwa wachezaji, na Ito alishika raketi kabla hata ya umri wa kwenda shule. Watoto wa namna hiyo hufika kwenye mchujo wakiwa na maelfu ya saa ambazo wenzao hawana, na kumtumia mmoja wao kama kipimo cha watoto wengine wote ni kuwaonea.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuwatazama watoto wengi kwa wepesi wakiwa na miaka 7 hadi 9, bila kumwambia yeyote kwamba amepita au ameshindwa, kisha kufanya uchaguzi wa kwanza wenye uzito wakiwa na miaka 10 hadi 12. Umri huu unaendana na ngazi za kimataifa, kwa kuwa mpango wa Hopes wa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza, ITTF, huwalenga watoto wasiozidi miaka 12, na mashindano ya vijana yana makundi ya walio chini ya miaka 11, 13, 15, 17 na 19. Mlango wa kuingia kwenye kundi teule ubaki wazi angalau hadi mtoto atimize miaka 15. Mchezo huu haumtupi mtu mapema: Ni Xialian wa Luxembourg alicheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 61.

Kuandaa mchujo

Mchujo wa siku moja hupima zaidi nani alilala vizuri na nani hana hofu ya wageni. Panga vikao vitatu au vinne vilivyotawanyika katika majuma kadhaa, na kila kikao kisizidi saa moja na nusu kwa watoto wadogo. Kabla ya kikao cha kwanza, andika kuhusu kila mtoto tarehe kamili ya kuzaliwa, mwezi na mwaka alioanza kucheza, saa anazofanya mazoezi kwa juma, michezo mingine anayocheza, na mkono anaoutumia. Bila kumbukumbu hizo namba zote zitakazokusanywa baadaye zitakuwa hazina maana, kwa sababu hakuna atakayejua mtoto amefikia kiwango chake kwa miezi mingapi ya mafunzo.

Raketi ziwe za klabu na za aina moja kwa watoto wote, angalau katika majaribio ya msingi. Raba mpya, yaani utando unaofunika uso wa raketi, yenye sponji nene humfanya mtoto wa kawaida aonekane ana mkono wa dhahabu, ilhali raba iliyozeeka na kuteleza humnyima mwenzake mzunguko anaostahili. Wazazi wakae mbali na meza, mahali ambapo hawawezi kuelekeza kwa ishara. Nina imani kwamba nusu ya watoto wanaoonekana waoga wana macho yanayotafuta uso wa baba au mama kila baada ya pointi. Watathmini wawe wawili au watatu, kila mmoja aandike alama zake peke yake, na wasizungumze juu ya mtoto yeyote mpaka kikao kimalizike.

Majaribio yasiyohitaji ujuzi wa mchezo

Haya ni ya kikao cha kwanza, na faida yake ni kwamba mtoto ambaye hajawahi kucheza anaweza kuyafanya. Lililo bora kati ya ninayoyajua linahitaji meza iliyosimamishwa wima. Mtoto anasimama mita moja kutoka kwenye meza hiyo, anaurusha mpira kwa mkono mmoja, unagonga meza na kurudi, naye anaudaka kwa mkono wa pili na kuurusha tena. Huhesabiwa amedaka mara ngapi katika sekunde 30. Jaribio hili limetumiwa na watafiti wa Uholanzi pamoja na mengine kama kulenga shabaha, kurusha mpira mbali na kukimbia huku ukidunda mpira. Linadai jicho, mikono yote miwili na utulivu, na mtoto mwenye papara huonekana mara moja.

Ongeza jaribio la kusogea upande kwa upande kati ya mistari miwili iliyoachana kwa upana wa meza au zaidi kidogo, kwa miguu isiyopishana, na jingine la kudundisha mpira juu ya raketi kwa kubadilisha pande zake mbili huku mtoto akitembea. Kila jaribio lifanywe mara mbili na ichukuliwe alama ya juu, kwa kuwa mara ya kwanza watoto wengi huwa wanajaribu kuelewa wameambiwa nini.

Alama hizi zisipewe uzito usiostahili. Zinasaidia kumwona mtoto asiye na historia ya mchezo ambaye vinginevyo angepotea kati ya wenye uzoefu, lakini hazitabiri kwa uhakika mtoto gani atakuwa bingwa. Mtoto aliyeshika nafasi ya kumi na mbili hapa hapaswi kuondolewa kwa sababu hiyo peke yake.

Jaribio la kujifunza

Sehemu hii ndiyo moyo wa mchujo wote, nayo ndiyo makocha wengi huiruka kwa sababu inachukua muda. Chagua ujuzi mmoja ambao hakuna mtoto kati ya hao anayeujua vyema. Mfano mzuri ni kuanzisha mpira mfupi wenye mzunguko wa kurudi nyuma, ule ambao mpira ukidunda upande wa pili husita au hata kurudi kuelekea wavu. Kanuni zinataka mpira uwekwe juu ya kiganja kilicho wazi na urushwe juu angalau sentimita 16, hivyo mtoto anajifunza kurusha, kusubiri na kuukata mpira chini kwa wakati mmoja, na hakuna nguvu za mwili zitakazomwokoa.

Mwache kwanza kila mtoto ajaribu mara 20 na uhesabu zilizofaulu. Kisha onyesha mara tatu au nne ukiwa na maneno machache mno, uwape dakika kumi za kufanya wenyewe, halafu pima tena mara 20. Kikao kinachofuata, baada ya juma moja, anza kwa kipimo hichohicho kabla ya kuwakumbusha chochote. Hapo unakuwa na namba tatu kwa kila mtoto: alikoanzia, alikofika baada ya mafundisho, na alichobaki nacho. Mtoto aliyeanza na 2, akafika 9, na juma lililofuata akafanya 11 anasema jambo zito kuliko yule aliyeanza na 12 na kubaki na 12. Ongezeko baada ya juma zima lina maana mbili zinazowezekana, kwamba ujuzi umetulia kichwani au kwamba mtoto amekwenda kufanya mazoezi peke yake, na zote mbili ni habari njema.

Wakati wa dakika zile kumi, macho ya kocha yawe kwa mtoto baada ya kukosea zaidi kuliko baada ya kufaulu. Wapo wanaorudia kosa lilelile kwa nguvu zaidi. Wapo wanaomtazama jirani. Wapo wanaosimama kidogo, wakatazama pembe ya raketi, wakabadilisha kitu kimoja na kujaribu tena. Hawa waandikwe majina yao kwa wino mzito hata kama bado hawajafaulu mara moja.

Ipo njia nyingine ya kuwasawazisha wenye uzoefu na wasio nao, nayo ni kuwataka wote wacheze kwa mkono wasioutumia. Miaka miwili ya mafunzo hupungua thamani ghafla mtoto anapolazimika kushika raketi kwa mkono wa kushoto, na kinachobaki ni usomaji wa mpira, mwendo wa miguu na subira. Kwa wale ambao tayari wanacheza vizuri, wapambanishe na mtu anayetumia raba ya vipele virefu, yenye vijinundu vilivyochomoza usoni, ambayo huurudisha mpira ukiwa na mzunguko wasioutarajia. Pointi tano za kwanza kila mtu hukosea. Tofauti huonekana kuanzia ya sita, pale mtoto mmoja anapopunguza nguvu na kuinua pembe ya raketi bila kuambiwa, huku mwenzake akilalamika kwamba raketi ya mpinzani ina kasoro.

Kutazama mechi

Mechi ni lazima zichezwe, ila zitumiwe kwa namna inayofaa. Tangu mwaka 2001 seti huchezwa hadi pointi 11, na kila mchezaji huanzisha mpira mara mbili mfululizo, mpangilio unaomruhusu kocha kuona kama mtoto ana mpango: je, mpira wa pili aliouanzisha ulitofautiana na wa kwanza, na alijua utarudi wapi? Anayegundua kwamba mpinzani hupata shida mpira unapomjia kwenye kiwiko, kisha akaupeleka hapo tena pointi muhimu inapofika, ana jicho la mchezo ambalo ni vigumu sana kulifundisha.

Pale viwango vinapoachana mno, mpe mwenye kiwango cha chini pointi za mwanzo, kwa mfano aanze akiwa na 5 dhidi ya 0, ili wote wawili wafike kwenye hali ya 9 kwa 9 ambapo tabia zao zitaonekana. Mwenye uzoefu aliyezoea ushindi rahisi mara nyingi huwa mgeni kabisa wa hali hiyo. Kuhusu machozi baada ya kushindwa, sioni sababu ya kumpunguzia mtoto alama. La kutazama ni kama dakika tano baadaye yuko tayari kucheza tena.

Kuwa mwangalifu na mtindo usiouzoea. Félix Lebrun wa Ufaransa, aliyepata medali ya shaba ya mchezaji mmoja mmoja katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, hushika raketi kama kalamu, mshiko ambao kwa muda mrefu ulihusishwa na wachezaji wa Asia na ambao Ulaya haukuwa na wafuasi wengi. Angeweza kabisa kukutana na kocha wa kumlazimisha abadilishe. Swali la kujiuliza ni kama mshiko au pigo la mtoto linamfungia njia ya maendeleo, kwa mfano kwa kumzuia kupiga upande wa pili wa mwili. Ikiwa linamshangaza kocha tu, liachwe. Vivyo hivyo, mwenye mkono wa kushoto huwasumbua wapinzani kwa pembe zake na hutafutwa sana kwa mechi za wawili wawili, lakini ushoto wake usihesabiwe kama kipaji.

Tarehe ya kuzaliwa na ukuaji wa mwili

Katika kundi la umri linalofungwa kwa mwaka wa kalenda, mtoto wa Januari amemzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na kwa watoto wa miaka tisa mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya maisha yao. Makocha wasipokuwa waangalifu huwachagua wa miezi ya mwanzo kwa wingi, wakidhani wameona kipaji walipoona umri. Kabla ya kutangaza lolote, panga majina yaliyopendekezwa kwa mwezi wa kuzaliwa. Kama wengi wamezaliwa kabla ya Aprili, rudi kwenye kumbukumbu na uwatazame upya wa miezi ya mwisho.

Baada ya miaka kumi tatizo huwa gumu zaidi, kwa sababu watoto wa tarehe moja ya kuzaliwa hawakui kwa kasi moja. Kipindi cha kurefuka haraka huwafikia wasichana kwa wastani wakiwa na miaka 12 hivi na wavulana wakiwa na 14 hivi, na wapo wanaotangulia au kuchelewa kwa mwaka mmoja au zaidi. Mvulana aliyewahi kukua huwashinda wenzake kwa urefu wa mkono na uzito wa pigo, faida ambayo itayeyuka watakapomfikia. Yule anayerefuka sasa hivi anaweza kuonekana amepoteza uratibu aliokuwa nao mwaka jana, na kumwacha katika kipindi hicho ni kosa kubwa. Pima kimo cha mtoto kila baada ya miezi mitatu, akiwa amesimama na akiwa ameketi, na uyasome matokeo ya mezani pamoja na namba hizo.

Hamu ya mtoto na hali ya nyumbani

Hamu haipimwi kwa kuuliza nani anataka kuwa bingwa, kwa kuwa wote watainua mikono. Inaonekana wakati wa mapumziko, pale wengine wanapokimbilia maji na mmoja akabaki mezani akijaribu ule mpira mfupi. Zungumza na kila mtoto peke yake kwa dakika chache, ukimuuliza ni zoezi gani lilimchosha na lipi angependa kulirudia, na usikilize kama majibu ni yake au ya mzazi.

Mazungumzo na familia yafanyike baada ya tathmini, ili umbali wa nyumbani au ukosefu wa nauli usije ukapenya kwenye alama za kipaji. Waambieni wazazi mapema ni saa ngapi zitahitajika kwa juma, gharama ziko wapi, na masomo yatalindwaje. Tatizo la usafiri ni la klabu kulitafutia njia, na si sababu ya kuandika kwamba mtoto hana nidhamu.

Kufikia uamuzi

Sishauri kujumlisha alama zote na kuchora mstari chini ya jina la nane au la kumi, maana jumla hiyo humnufaisha mtoto wa wastani katika kila kitu na kumwangusha mwenye upekee mkubwa katika jambo moja. Watathmini waketi na kumbukumbu zao, waanze na jaribio la kujifunza, wafuate na mechi, kisha umri na ukuaji, na majaribio ya mwili yaje mwisho kama nyongeza. Pale wanapotofautiana sana juu ya mtoto mmoja, mtoto huyo atazamwe tena badala ya alama kugawanywa kati, kwani tofauti ya namna hiyo kwa kawaida huonyesha kwamba kuna kitu mmoja ameona na mwingine hakukiona.

Chukua watoto wengi kuliko nafasi zinazokusudiwa baadaye, hata mara mbili yake ikiwa meza zinatosha. Kila mmoja awe na sentensi mbili zilizoandikwa: kwa nini amechaguliwa, na nini kinatarajiwa kubadilika katika miezi sita. Wasiochaguliwa nao wapewe sentensi zao, kwa mazungumzo ya faragha pamoja na mzazi, kamwe si kwa orodha iliyobandikwa ukutani ambapo mtoto hulitafuta jina lake mbele ya wenzake. Waelezwe tarehe ya mchujo unaofuata na jambo mahususi la kufanyia kazi hadi siku hiyo, na waendelee kuruhusiwa kucheza na kundi teule angalau mara moja kwa juma, kwa kuwa mtoto asiyekutana na wachezaji bora hana namna ya kuwafikia.

Miezi sita ikitimia, rudia jaribio la kujifunza kwa ujuzi mpya, pengine kupokea mpira mfupi kwa kuusukuma kwa kifundo cha mkono, na uwapime kwa pamoja waliochaguliwa na waliobaki nje. Anayeonekana kusimama ajadiliwe kabla ya kutolewa, hasa kama amerefuka katika kipindi hicho, na anayepanda kutoka nje apewe nafasi yake bila kusubiri mwaka uishe. Sentensi zilizoandikwa mwanzoni zisomwe tena siku hiyo mbele ya watathmini wote, jina kwa jina, ili kila mmoja aone alikosea wapi katika kutabiri na arekebishe anachokitazama katika mchujo ujao.